Lenzi ya Kuona Mbali: Pima Kwanza, Ndipo Ununue



Kijana mmoja wa Morogoro ametuletea barua yenye swali ambalo naona litawafaa na wengine. Yeye ni mpiga picha. Mwisho wa juma hupiga picha za mpira, za timu za shule na za ligi ya mkoa, akawauzia wachezaji na viongozi wao. Mara moja moja huenda Mikumi kutazama wanyama, kwa kuwa mwenye nyumba moja ya wageni amemwahidi kununua picha za kutundika ukutani. Sasa ataka kununua lenzi ya kuona mbali, tena ile ya urefu mmoja, isiyovutwa. Anauliza: "Nichukue ya milimita 300, au 400, au 600? Rafiki zangu wananiambia nikope, ninunue ile kubwa nyeupe ya 400, maana ndiyo wanayoitumia wapiga picha wa magazeti makubwa." Kisha ameongeza neno moja mwishoni, nalo ndilo lililonifanya nijibu kwa urefu: "Nusu ya fedha ni ya mke wangu, ya cherehani yake."

Basi, ndugu yangu, fedha iliyopatikana kwa sindano na uzi yataka kutumiwa kwa kipimo. Sitakuambia lenzi ipi ni nzuri kuliko zote, maana hakuna. Nitakueleza jinsi ya kupima kazi yako, na ukiisha kuipima, lenzi yenyewe itajitaja.

Urefu mmoja maana yake nini?

Lenzi za mbali ni za namna mbili. Kuna za kuvuta, ambazo ukizungusha pete huenda, mathalani, kutoka milimita 100 mpaka 400. Tena kuna za urefu mmoja: ikiwa ni 300 ni 300 tu, asubuhi hata jioni. Ukitaka mnyama aonekane mkubwa zaidi, huna budi kusogea wewe, au kumngoja yeye asogee.

Je, kwa nini mtu anunue kitu kisichogeuka? Kwa sababu fundi aliyetengeneza lenzi ya urefu mmoja alikuwa na kazi moja ya kutimiza, si kumi. Kwa hiyo aliweza kuipa tundu kubwa la kuingiza mwanga, au kuifanya nyepesi, na picha zake huwa kali mpaka pembeni. Lakini hasara yake pia uijue. Tembo akikaribia gari lako mpaka mita 20 nawe unayo ya 600, kamera yako itaona eneo lisilofika mita 1 kwa upana. Utarudi na picha ya jicho la tembo na mkunjo wa sikio. Kwa hiyo mwenye lenzi ya urefu mmoja yampasa kujua mapema kitu chake kitasimama wapi.

Kipimo cha kwanza: umbali

Hesabu hii ni ya darasa la shule, nayo haidanganyi. Chukua upana wa sensa ya kamera yako kwa milimita, ugawe kwa urefu wa lenzi, kisha uzidishe kwa umbali wa kitu kwa mita. Jibu ni upana wa eneo litakaloingia katika picha.

Sensa kubwa, ile iliyo sawa na filamu ya zamani, ina upana wa milimita 36 na kimo cha 24. Wewe umesema kamera yako ni ya sensa ndogo. Hizo huwa na upana wa milimita 23 hivi na kimo cha 15 na nusu hivi. Tuipime kwa mpira wa miguu.

Umekaa nyuma ya mstari wa goli, pembeni kidogo, na mchezaji mwenye kimo cha mita 1.75 anakujia akiwa mita 25. Shika kamera wima. Kwa lenzi ya 300 utaona kimo cha mita 1.9, basi mtu mzima huingia, kichwa mpaka viatu, na nafasi ndogo inabaki. Kwa lenzi ya 400 utaona mita 1.4 tu, amekatika magoti. Kwa ya 600 hufiki hata mita 1. Umepata kifua na uso. Sasa mchezaji yule awe mita 40. Ya 300 itakupa mita 3, yaani wachezaji wawili wakigombea mpira na mpira wenyewe juu. Ya 400 itakupa mita 2.3, nayo ni nzuri. Ya 600 itakupa mita 1.5, imekata tena.

Waona basi? Uwanja wa mpira una urefu wa mita 105 hivi, na picha zinazonunuliwa nyingi hutokea katika nusu iliyo mbele yako. Kwa sensa ndogo, lenzi ya 300 inatosha kazi hiyo. Ile ya 400 wanayoisifu rafiki zako wengi huifunga kwenye sensa kubwa, ambako huona eneo karibu sawa na lile unaloliona wewe kwa 260. Usinunue namba ya mwenzio bila kuuliza kamera yake.

Haya, twende Mikumi. Hifadhi ile ilianzishwa mwaka 1964, na barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa hupita katikati yake. Huko umbali huuchagui wewe. Kuacha njia ya gari kumfuata mnyama hakuruhusiwi, na kushuka garini ni mahali palipowekwa tu. Simba aliyelala mita 30 kutoka njiani ataijaza picha yako vizuri kwa 300. Lakini ndege wa sentimita 30 aliye juu ya mti, mita 20 kutoka kwako, kwa 300 atachukua sehemu moja tu ya tano ya upana wa picha. Kwa 600 atapata zaidi ya theluthi. Kwa hiyo anayependa ndege ana haki ya kutaka 500 au 600. Anayepiga tembo, twiga na nyati hana haja nayo.

Usidhani pia kwamba lenzi ndefu hushinda kila umbali. Saa 6 za mchana katika mbuga iliyo wazi, hewa ya moto hupanda kutoka ardhini ikacheza kama maji. Pundamilia aliye mita 300 huonekana akitetemeka, na hakuna lenzi duniani, hata ya dola 10,000, iwezayo kuituliza hewa ile. Dawa yake ni kwenda asubuhi na mapema, au kungoja mnyama aliye karibu.

Kipimo cha pili: mwanga

Kwenye lenzi, baada ya milimita, huandikwa namba ya f, kama 2.8, au 4, au 5.6. Hii yaeleza ukubwa wa tundu, nayo husomwa kinyume: namba ndogo ni tundu kubwa. Kutoka 2.8 kwenda 4 mwanga hupungua nusu. Kutoka 4 kwenda 5.6 hupungua nusu tena. Kwa hiyo lenzi ya 5.6 huingiza robo tu ya mwanga wa ile ya 2.8.

Jambo hili lahusu nini? Mchezaji akimbiaye hutaka picha ikatwe kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, na ndege arukaye hutaka sehemu moja ya elfu mbili. Mwanga ukiwa mdogo, kamera hulazimika kuongeza ISO, na ISO ikizidi, picha hujaa chengachenga. Tuseme jioni fulani lenzi ya 2.8 yataka ISO 3200. Ya f/4 itataka 6400, na ya f/5.6 itataka 12800. Kamera mpya huvumilia. Za zamani hulalamika.

Hapa wengi hudanganyika na kile kituliza mtikisiko kilicho ndani ya lenzi nyingi za siku hizi. Kituliza hutuliza mkono wako wewe. Hakimtulizi mshambuliaji wa kulia. Swala aliyesimama utampiga kwa sehemu moja ya 250 ya sekunde, naye atatoka safi. Mshambuliaji anayekimbia hatatoka safi kwa mwendo huo hata lenzi ikiwa na vituliza viwili.

Basi mbona watu wote wasinunue f/2.8? Piga hesabu nyingine: gawa urefu kwa namba ya f, upate upana wa tundu. Kwa lenzi ya 300 yenye f/4 ni milimita 75. Kwa 400 yenye f/2.8 ni milimita 143, karibu upana wa sahani ya kikombe cha chai. Kioo cha upana ule, kisichokosea hata chembe, ni kazi ya gharama kubwa. Usione vyaelea, vyaundwa. Shida hii si ya jana. Kiwanda cha Zeiss cha Ujerumani kilitengeneza lenzi ya milimita 180 yenye f/2.8 kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya Berlin ya mwaka 1936, ndiyo sababu ikaitwa Olympia Sonnar. Tangu siku zile mpaka leo, atakaye mbali na mwanga pamoja hulipa mara mbili: kwa fedha na kwa mgongo.

Na ile rangi nyeupe? Kampuni ya Canon hupaka nyeupe lenzi zake kubwa ili zisishike sana joto la jua, maana joto huvichezea vioo vilivyo ndani. Ni rangi ya kazi, wala haifanyi picha kuwa bora.

Kipimo cha tatu: uzito na bei

Nitataja chache, uone zilivyo mbali mbali. Bei ni zile za dola za Marekani zilipotoka kiwandani. Kwetu huongezeka ushuru na usafiri.

Canon RF 400 yenye f/2.8, ya mwaka 2021, ilitoka kwa karibu dola 12,000, nayo ina uzito wa karibu kilo 3. Hiyo ndiyo ile nyeupe ya rafiki zako. Kwa mechi za usiku chini ya taa haina mshindani. Lakini mwenye kuitumia kwa kawaida ameajiriwa na gazeti au shirika, na mara nyingi lenzi si yake.

Nikon Z 400 yenye f/4.5, ya mwaka 2022, ina uzito wa kilo 1 na robo hivi, na ilitoka kwa dola 3,250 hivi. Ni lenzi nzuri mno kwa mwenye kamera mpya ya Nikon isiyo na kioo cha kupinduka.

Nikon 300 yenye f/4, ile yenye herufi PF, ya mwaka 2015, ina uzito wa gramu 755 tu. Ilitoka kwa karibu dola 2,000. Ndugu yake wa upande wa pili, Canon EF 300 yenye f/4 na kituliza, ni ya mwaka 1997, uzito wake gramu 1,190, nayo huweza kukaza kitu kilicho mita 1 na nusu tu kutoka kwako. Hizi mbili hupatikana kwa mtumba, tena kwa bei iliyoshuka sana.

Canon RF 600 yenye f/11, ya mwaka 2020, ilitoka kwa dola 700 hivi, na ina gramu 930. Bei hii huvutia, ila itazame ile f/11 vizuri. Mwanga wake ni sehemu moja ya 16 ya f/2.8. Saa 3 za asubuhi mbugani, jua likiwaka, itakuletea ndege kwa fedha kidogo. Mechi iliyoanza saa 10 alasiri, ikifika saa 11 na nusu, itakuacha gizani.

Jibu langu

Ndugu, katika barua yako umesema katika kila picha kumi unazouza, nane ni za mpira. Kazi inayokulisha ni ya mpira, na ile ya Mikumi ni kitoweo. Lenzi inunuliwe kwa ajili ya ugali kwanza.

Kwa hiyo nasema: chukua 300 yenye f/4, ya mtumba, iliyo safi. Kwa sensa yako inafaa uwanja, kama tulivyopima, na mechi zako ni za mchana. Kisha, fedha ya picha za kwanza ikirudi, nunua kirefusho cha 1.4. Ni kipande kifupi chenye vioo kinachofungwa kati ya kamera na lenzi. Kitaigeuza 300 kuwa 420, na f/4 kuwa f/5.6, maana nusu ya mwanga hupotea. Jua la asubuhi la Mikumi litaivumilia hasara hiyo, na yule ndege wa mita 20 ataongezeka kutoka sehemu ya tano mpaka zaidi ya robo ya picha. Siku ya mpira, kitoe, ukibakize nyumbani.

Usikope kwa ajili ya f/2.8. Deni la benki halijui kama ligi imesimama au mvua imenyesha. Siku utakapopata kazi ya mechi za usiku kila juma, yenye malipo yaliyoandikwa, swali lifunguliwe upya. Kwa sasa, mchezo mmoja wa usiku ukitokea, afadhali ukodi au uazime lenzi kwa siku ile.

Wala usiniamini mimi bure. Kila picha ya dijitali huandika ndani yake urefu wa lenzi uliotumika. Hiyo lenzi yako ndogo ya kuvuta, inayokwenda 70 mpaka 300, imekwisha kukuwekea ushahidi. Fungua picha 100 za mwisho ulizouza, ukaandike katika daftari kila moja ilipigwa kwa ngapi. Ukikuta nyingi ni za 300, au karibu nayo, nunua bila wasiwasi. Ukikuta zimetawanyika, hizi 90, hizi 180, hizi 250, basi kazi yako yataka lenzi ya kuvuta iliyo bora, na urefu mmoja utakutesa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kabla hujatoa fedha

Lenzi ya mtumba ikaguliwe kama ng'ombe wa mnadani. Mulika tochi ndani yake, utazame kwa upande wa pili. Ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Irudishe, hata bei ikiwa nusu. Lenzi zilizokaa pwani bila kutumika hupatwa sana na ugonjwa huu. Mkwaruzo mdogo wa kioo cha mbele si kitu kikubwa. Ule wa kioo cha nyuma una madhara zaidi.

Ifunge kwenye kamera yako mwenyewe, si ya muuzaji. Kaza kitu cha karibu, kisha cha mbali, mara kumi, usikilize kama inasita au inakwaruza. Piga ukuta wenye maandishi kwa f/4, ukatazame pembe zote nne zikuzwe. Upande mmoja ukiwa na ukungu na mwingine mkali, lenzi imeanguka siku moja.

Uliza pia kama shingo zake zinaoana na kamera. Lenzi za Canon EF huingia kamera mpya za RF kwa adapta, nazo hufanya kazi sawasawa. Za Nikon yataka uangalifu: zile za zamani zisizo na mota ndani hazitajikaza zenyewe kwenye kamera mpya zenye adapta, wala kwenye kamera ndogo za zamani zisizo na mota. Na ile 300 PF hupokea amri ya tundu kwa umeme, basi kamera za Nikon za zamani sana, kama D90, haziwezi kuliongoza tundu lake.

Ukiisha kuinunua, itunze. Huko mbugani usibadilishe lenzi vumbi likipanda. Zima injini ya gari kabla ya kupiga, maana mtikisiko wake huingia picha. Mfuko wa kitambaa uliojazwa mchele au maharage, ukiwekwa juu ya dirisha la gari na lenzi juu yake, hushinda stendi nyingi za dukani. Mkeo ana cherehani; mfuko huo ni kazi ya nusu saa.

Neno la mwisho ni juu yake yeye. Kabla ya kwenda kununua, kaeni wawili na daftari lile la picha 100, mwonyeshe hesabu ya mita na hesabu ya fedha. Mwambie picha ngapi zitapaswa kuuzwa ndipo nusu yake irudi, na kila mwezi itarudi kiasi gani. Kama hesabu ile haieleweki mezani, ujue haitaeleweka uwanjani. Ikieleweka, nendeni dukani pamoja, na risiti iandikwe majina mawili.